Usimuulize Mgonjwa "Umeridhika?": Mwongozo kwa Watoa Dawa ya Usingizi, Tangu Wodini Hadi Siku ya Pili

Asubuhi moja nilipita wodini kumjulia hali bibi tuliyemfanyia upasuaji jana yake kwa ganzi ya mgongo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Nikamuuliza kama ameridhika na huduma yetu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili: "Asanteni sana, Mungu awazidishie." Nikaandika kwenye faili: hakuna malalamiko.

Nilipokuwa naondoka, binti yake akanifuata kwenye korido. "Dokta, mama hawezi kukwambia. Jana alishinda na kiu tangu chakula cha usiku wa juzi. Huko ndani alitetemeka kwa baridi mpaka meno yakagongana. Na anasema mlikuwa mnabishana habari za Simba na Yanga, yeye yuko macho anawasikia, akadhani mmemsahau."

Nikarudi kulisoma faili. Presha nzuri muda wote, oksijeni 98, damu iliyopotea kidogo, ganzi imeshika sawasawa. Yote yaliyoandikwa yalikuwa kweli, na hayo matatu aliyoyasema binti hayakuwamo hata moja.

Mgonjwa hana namna ya kujua kama dozi yako ilikuwa sahihi. Anachokijua ni kiu, baridi, maumivu, kichefuchefu, na kama kulikuwa na mtu wa kumsemesha. Akiulizwa kwa jumla atashukuru, kwa sababu amelelewa kushukuru, na kwa sababu bado yuko mikononi mwako. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuyashughulikia mambo hayo moja moja kabla hayajamfika, na kujifunza kuuliza kwa namna itakayokupa jibu la kweli.

Nawaandikia wenzangu, wauguzi wa usingizi na madaktari wa hospitali za wilaya na mikoa, hasa kule ambako mtu mmoja ndiye anayebeba orodha nzima ya siku. Mengi ya humu hayahitaji mashine mpya. Na kama wewe ni mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, soma pia, ujue nini unaweza kuomba.

Hatua ya 1: Nenda wodini jioni, na ukae chini

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nami naiona kubwa kuliko zote. Mwaka 1964, katika hospitali ileile ya Boston ambako etha, dawa ya usingizi ya zamani, ilionyeshwa hadharani tarehe 16 Oktoba 1846, daktari wa usingizi Lawrence Egbert na wenzake waligawa wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo katika makundi mawili. Kundi moja lilitembelewa na kuelezwa maumivu yatakuwa wapi, yatadumu muda gani, na jinsi ya kujigeuza na kulegeza misuli. Kundi la pili halikuelezwa hayo. Wale walioelezwa walihitaji karibu nusu tu ya dawa kali za maumivu katika siku zilizofuata. Ni mazungumzo tu yaliyofanya kazi hiyo.

Vuta kiti au kaa ukingoni mwa kitanda baada ya kuomba ruhusa. Salimia kwa heshima ya umri wake. Taja jina lako, na useme wazi kwamba wewe si mpasuaji: "Mimi ndiye nitakayekuwa kichwani pako kesho, kuanzia unaingia mpaka unatoka." Wagonjwa wengi hawajui kwamba kuna mtu mzima ambaye kazi yake ni hiyo peke yake. Wakijua, utaona mabega yanashuka.

Kisha uliza ya kitaalamu: presha, kisukari, pumu, moyo, dawa anazotumia, aleji, meno ya bandia au yanayolegea, upasuaji wa zamani na jinsi alivyoamka, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata shida na dawa ya usingizi. Dawa za mitishamba ziulize bila kukunja uso. Ukikemea, atakuficha. Uliza pia swali ambalo wengi hulisahau: "Ukisafiri kwa basi, huwa unatapika?" Jibu lake litakusaidia mbele.

Sasa mwachie nafasi ya kusema hofu yake. Neno letu lenyewe, nusu kaputi, linatisha. Kaputi ni kitu kilichokufa, kwa hiyo mwenzio anasikia unataka kumuua nusu. Muulize, "Umesikia nini kuhusu dawa ya usingizi?" Mara nyingi yatatoka mambo matatu.

Kutoamka. Usiseme "usiwe na wasiwasi," maana hujamjibu. Mwambie utakavyomwangalia: kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni, mashine ya presha kila baada ya dakika chache, na wewe mwenyewe usiyeondoka chumbani.

Kuamka katikati ya upasuaji. Mwambie ni jambo la nadra, na kwamba ndiyo sababu unakaa kichwani pake. Ukimpa ganzi ya mgongo, mweleze mapema kwamba atakuwa macho na huo ndio utaratibu, ili asije akadhani dawa imekataa.

Sindano ya mgongo kuharibu mgongo. Hili utalisikia sana kwa kina mama. Maumivu ya mgongo baada ya ujauzito ni ya kawaida kwa waliochomwa na wasiochomwa, na tafiti za kina mama waliojifungua kwa ganzi ya epiduro (ganzi inayopitishwa kwa mrija mwembamba mgongoni) hazikuona kwamba inaleta maumivu sugu ya mgongo. Penye tundu la sindano pataweza kuuma siku chache. Sema na hilo.

Angalia pia nani mwingine yuko pale. Fomu ya ridhaa anaweka sahihi mgonjwa, lakini uamuzi mara nyingi umepita kwa mume, mama mkwe au mjomba. Ukimweleza mgonjwa mbele yao, akikubali yeye, unaondoa ubishi wa alfajiri.

Hatua ya 2: Okoa watu na kiu

Agizo lililozoeleka ni moja kwa wote: "Kuanzia saa 6 usiku asile wala asinywe." Wa kwanza kwenye orodha anaingia saa 2 asubuhi, hana neno. Wa mwisho anaingia saa 9 alasiri, akiwa amekaa masaa 15 bila tone la maji, kwenye wodi yenye joto. Bibi yangu alikuwa wa mwisho.

Miongozo inayotumika duniani kwa upasuaji wa kupangwa inasema hivi kwa mtu asiye na tatizo la tumbo: chakula na maziwa, masaa 6 kabla, maziwa ya mama kwa mtoto mchanga, masaa 4, maji na vinywaji angavu visivyo na maziwa wala nyama za tunda, masaa 2. Tafsiri hiyo kwa lugha ya jikoni. Uji ni chakula, hata uwe mwepesi kiasi gani. Chai ya maziwa ni chakula. Chai ya rangi yenye sukari inahesabiwa kama maji. Juisi ya embe nzito hapana.

Hawa hawamo katika hesabu hiyo: wagonjwa wa dharura, walioziba utumbo, mama aliye kwenye uchungu, na yeyote ambaye tumbo lake halishushi chakula kwa kawaida. Kwao tumbo limejaa mpaka ithibitike vinginevyo.

Kwa wengine, andika saa ya kila mmoja kwa jina lake kwenye karatasi ya wodi. "Mama wa kitanda 7, anaingia saa 5 asubuhi, maji mwisho saa 3." Orodha ikibadilika, na hubadilika kila siku, piga simu wodini. Muuguzi wa wodi hawezi kubuni. Asipopata neno kutoka kwako atafanya lililo salama kwake, yaani kumnyima maji. Watoto wape nafasi ya kwanza kwenye orodha. Mtoto anayelia njaa toka alfajiri anaingia thieta, yaani chumba cha upasuaji, akiwa amechoka, na mama yake amechoka zaidi.

Hatua ya 3: Mlangoni mwa thieta

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye mambo 19. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, hapa kwetu Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo kwa pamoja vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo jina, upasuaji na upande unaopasuliwa vitaulizwa, na viulizwe.

Ila fikiria upande wa pili. Mtu amelala kwenye machela, anaulizwa jina lake na mtu wa tatu, na upande gani unapasuliwa. Anawaza: hawa hawajui wanampasua nani? Mwambie jioni ile ya wodini: "Kesho tutakuuliza jina mara nyingi, na mguu upi. Tunajua. Tunakuuliza ili tusikosee." Sentensi hiyo moja inageuza hofu kuwa imani.

Mfunike. Shuka lisiondolewe mpaka linapohitajika kuondolewa, na lirudi mara kazi inapokwisha. Mwanamke anayejisitiri kichwa apewe kofia ya thieta kabla hajavua mtandio wake, asivuliwe mlangoni mbele ya watu. Kiyoyozi kizimwe au kipunguzwe mpaka afunikwe vitambaa vya upasuaji.

Hatua ya 4: Sindano, na yule aliye macho

Kwa ganzi ya mgongo, sema kabla ya kugusa. Siku zote. "Sasa utahisi ubaridi, ni dawa ya kusafisha. Sasa kama umeumwa na mdudu. Sasa nakubonyeza mgongoni, usiruke." Awepo mtu mbele yake, amshike mabega, amwache akumbatie mto. Ukiweza, tumia sindano nyembamba ya namba 25 au 27 yenye ncha ya penseli; zile nene zenye ncha ya kukata huacha tundu linalovujisha maji ya uti wa mgongo, na hapo ndipo maumivu ya kichwa ya siku ya pili yanapoanzia.

Mwambie pia kinachofuata: miguu itapata joto, itakuwa mizito, na atahisi kuguswa na kuvutwa bila kuhisi kukatwa. Asiyeambiwa hivyo, mkono wa mpasuaji ukigusa tumbo lake anapiga kelele kwa woga, na hapo wewe huwezi tena kutofautisha woga na maumivu. Pima ganzi kwa pamba yenye spiriti kabla ya kisu. Na akisema inauma, inauma. Usimwambie "ni kuvutwa tu, mama, jikaze." Mwombe mpasuaji asimame, mpe dawa, na ikibidi mlaze usingizi kamili. Mama aliyehisi kisu wakati wa kujifungua hasahau, na wengine wanaogopa kubeba mimba nyingine.

Akisema ghafla "nataka kutapika" dakika chache baada ya sindano, tazama presha kabla ya kutafuta dawa ya kichefuchefu. Mara nyingi presha ndiyo imeshuka.

Kaa kichwani. Chumba kizima kijue kwamba yuko macho. Sisi sasa anayemwingiza mgonjwa husema kwa sauti, "Mama yuko macho," na mazungumzo ya mpira yanakoma. Mtoto akizaliwa salama, aonyeshwe mama hapohapo, uso kwa uso, kabla ya mizani.

Ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, inahitaji neno lake. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985, na bila yake hospitali nyingi za pembezoni zisingefanya upasuaji. Lakini mtu anaweza kuamka akiona maajabu: kuta zinaelea, watu hawana nyuso, yeye mwenyewe amekufa. Mwambie kabla kwamba anaweza kuota ndoto kali na kwamba zitapita. Mwombe afikirie mahali anapopapenda wakati dawa inaingia. Dozi ndogo ya dawa ya kutuliza, midazolamu au diazepamu, husaidia. Wakati wa kuamka, punguza sauti na mwanga, na mtu asimpige makofi shavuni akimwita jina.

Hatua ya 5: Kuamka

Baridi kwanza, maana ndiyo rahisi. Vua vitambaa vilivyolowa, mkaushe, mfunike kwa kikavu, soksi miguuni, kitu kichwani. Dripu isitoke kwenye friji. Akiendelea kutetemeka baada ya hapo, pethidini, dawa kali ya maumivu, miligramu 25 kwenye mshipa hutuliza, ukiendelea kumwangalia anavyopumua.

Kichefuchefu kina mahesabu yake. Kuna mambo manne: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika baada ya upasuaji au kutapika safarini, na kupewa dawa kali kama mofini baada ya upasuaji. Asiye na hata moja, uwezekano wa kutapika ni kama asilimia 10. Mwenye yote manne, kama 80. Hapo ndipo jibu la basi linapofanya kazi. Aliye na mawili au zaidi mpe kinga mapema: deksamethasoni miligramu 4 hadi 8 mwanzoni, ondansetroni miligramu 4 mwishoni. Kwa mwenye kisukari, pima sukari baada ya deksamethasoni.

Maumivu ndiyo yenye mila nyingi. Mwanaume anajikaza kwa sababu ni mwanaume. Mama anajikaza kwa sababu wodi nzima inasikia. Na sisi tumeandika kwenye chati "parasetamoli akihitaji," yaani akiweza kumwita muuguzi mmoja anayehudumia vitanda arobaini. Futa neno "akihitaji." Andika saa: parasetamoli gramu 1 kila baada ya masaa 6 kwa mtu mzima mwenye kilo 50 na zaidi asiye na ugonjwa wa ini, na diklofenaki au ibuprofeni pamoja nayo kama hana shida ya figo, vidonda vya tumbo au kuvuja damu. Dawa kali ziwe juu ya hizo kwa yanayobaki.

Usiulize "unaumwa?" Mwambie akohoe, umtazame uso. Kisha: "Kama vidole vyote kumi ni maumivu usiyoweza kuyavumilia, sasa hivi ni vidole vingapi?" Hata bibi asiyejua kusoma atakuonyesha. Muulize akiwa ametulia na akiwa anajigeuza, uandike yote mawili.

Mtume mtu akawaambie ndugu walioko kwenye benchi nje. Wamekaa pale tangu asubuhi, wanahesabu kila mlango unaofunguliwa. "Ametoka, anaongea, mtamwona wodini baada ya muda." Inachukua nusu dakika.

Hatua ya 6: Siku ya pili, uliza vizuri

Mwaka 2000 watafiti wa Australia walichapisha majibu ya wagonjwa 10,811. Walioridhika walikuwa asilimia 96.8. Ukiishia hapo unaweza kudhani kazi imekwisha. Lakini walipowatazama wale wachache wasioridhika, walikuta mambo yaleyale: maumivu, kutapika, na kukumbuka kilichotokea wakati wa upasuaji. Ukiuliza swali la jumla unapata shukrani. Uliza kuhusu kitu, utapata kitu.

Asiulize aliyempa dawa. Mtume mwenzako ambaye hakuwapo, asiyevaa nguo za thieta, na mgonjwa awe bado hajafika dirisha la malipo. Kati ya masaa 24 na 48 panafaa. Maswali tunayotumia ni haya:

- Kitu gani cha mwisho unakumbuka kabla ya kulala, na cha kwanza ulipoamka?
- Kuna chochote unakumbuka hapo katikati? Uliota?
- Mara ya mwisho kunywa maji ilikuwa saa ngapi, na uliingia saa ngapi?
- Ulisikia baridi? Ulitapika mara ngapi? Usiku uliamshwa na maumivu?
- Kichwa kinauma ukikaa na kupoa ukilala?
- Nini kilikuwa kibaya kuliko vyote?

Lile la kichwa usilipuuze. Kichwa kinachoanza siku chache baada ya sindano ya mgongo na kuisha mtu akilala kina jina na kina tiba: maji ya kutosha, dawa za maumivu, kahawa, na kikizidi apelekwe panapoweza kufanyika zaidi. Kikija na homa, shingo ngumu au degedege, au mzazi akiwa na presha ya juu, hiyo ni dharura nyingine kabisa, mwone daktari saa hiyohiyo.

Na likitokea lile zito, mtu akisema "niliwasikia, nilihisi, sikuweza kusogea," kaa chini. Usimwambie alikuwa anaota. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2014 ulikadiria jambo hilo kwa mgonjwa 1 kati ya 19,000 wanaolazwa usingizi kamili, na kwa kina mama wanaopasuliwa kujifungua wakiwa wamelazwa usingizi kamili, 1 kati ya 670. Ni nadra, lakini kwa aliyelala pale ni kweli tupu. Msikilize hadi mwisho, mwambie unamwamini, mwombe radhi, mweleze kilichotokea, andika, na urudi tena kesho kumwona. Anayekataliwa ushuhuda wake huondoka na majeraha mawili.

Majibu yaandikwe kwenye daftari moja linalokaa thieta. Mwisho wa mwezi hesabuni kwa vidole: wangapi walikaa na kiu zaidi ya masaa 8, wangapi walitetemeka, wangapi waliamshwa na maumivu. Chagueni kimoja tu cha kurekebisha mwezi unaofuata. Sisi tulianza na kiu, kwa sababu kalamu na simu tulikuwa navyo.

Kuna swali la mwisho ambalo tuliliongeza baadaye, nalo ndilo linalowafungua hata wale wa "asanteni sana." Unasema: "Tuseme mdogo wako anakuja kupasuliwa hapa kesho. Utamwambia ajiandae na nini?" Hapo mtu hakulalamikii, anamsaidia ndugu yake, na ulimi unalegea. Mmoja alisema amwambie amwombe muuguzi dawa kabla maumivu hayajapanda. Mwingine alisema amwambie asiogope yule wa kichwani, ni mwongeaji. Wengi zaidi husema aje na soksi. Siku hizi, jioni tunapopita wodini, soksi ndicho kitu cha kwanza tunachomwagiza ndugu alete.